Mtu Aliyepita Hafanyi Mazoezi

Siku ya kwanza kumwona Chepkosgei alikuwa akizungumza na sufuria. Asubuhi hiyo nilikuwa nimehamishia kibanda changu cha pancha hapa Salgaa, wanapolala madereva wa malori, mkabala na hoteli yake ya mabati. Nilikuwa nikijaza maji kwenye karai niliposikia mtu akisema, "Mimi ni dereva. Nimeshapita." Nikainua macho nimwone anayeambiwa. Alikuwa peke yake, ameshika sufuria mpya kama kioo, anajitazama.

"Usiogope, fundi," akaniambia. "Si wazimu. Ni kazi."

Niliinama kwenye karai langu. Mimi ni mzito wa maneno; nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja huwa sijui nimjibu nani.

Baadaye nilimjua. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Rongai, na tangu amalize shule alikuwa akiwapikia madereva chai. Sasa alitaka kushika usukani mwenyewe. Kila asubuhi alimsikiliza mzungumzaji fulani wa redio aliyefundisha watu kutaja wanachokitaka kana kwamba wamekwisha kukipata. Aliandika maneno yake kwenye katoni, akaitundika juu ya jiko. Moshi ukiifanya nyeusi, aliandika nyingine.

Kuendesha alijua. Hata Oduor, dereva wa trela, alikubali, ingawa hakuacha kumtania.

"Dereva, leo unaendesha sufuria gani?"

"Ile itakayokuacha mlimani Timboroa ukitafuta jeki."

Shida yake ilikuwa ubao. Siku ya mtihani, kabla hujapewa gari, unasimamishwa mbele ya meza iliyochorwa barabara za mji mzima. Unapewa kigari cha kuchezea, unaambiwa utoke hapa uende pale. Chepkosgei alifika raundabauti, ule mzunguko wa katikati ya njia panda, akakata kulia moja kwa moja, akiyakabili magari yote. Akaangushwa hapo hapo. Mara ya pili ikawa raundabauti ile ile, kosa lile lile. Hapa Salgaa hatuna raundabauti.

Nilikereka. Nilitafuta kipande cha plaiwudi, nikachora barabara kwa chaki ninayotilia alama kwenye tairi, mfuniko wa mkebe wa grisi ukawa raundabauti, na vizibo vya soda vikawa magari. Nikampelekea.

"Hii ni ya nini?"

"Ya mazoezi."

"Fundi, mtu aliyepita hafanyi mazoezi. Nikianza kusukuma vizibo nitakuwa nauambia moyo wangu kwamba nitaanguka tena."

Nilitaka kumwambia kwamba si moyo wake uliokosea njia, ni mkono. Badala yake nikarudi kwenye karai langu. Yeye akauweka ubao juu ya pipa la maji, ukawa kifuniko.

Miezi mitatu niliutazama ubao ule ukiwa umebeba kikombe cha kutekea maji, na yeye pembeni akiiambia sufuria kwamba amepita. Siku moja hasira zilinifanya nibane kidole kwenye rimu. Aliponifunga kitambaa alinipa na mimi maneno yangu: "Sauti yangu ina thamani." Niyaseme mara kumi kabla sijafungua kazi. Niliyasema, juu ya karai, kwa sauti ndogo ili mataniboi wa malori wasinisikie. Sikuona tofauti.

Mwezi wa sita alikuja mzee Kibii, mwenye lori dogo la kubeba maziwa. Dereva wake, Weldon, alikuwa anaacha kazi mwisho wa Agosti.

"Niletee leseni kufikia hapo, mama, na lori utaendesha wewe," alisema. "Ukikosa nitatafuta mwingine, maziwa hayangoji."

Kabla ya Agosti kwisha kulikuwa na mtihani mmoja tu. Nikajua sasa ataushusha ubao. Badala yake aliandika katoni mpya: MIMI NI DEREVA WA MAZIWA.

Siku ya kuamkia mtihani niliingia hotelini mwake nimwambie kosa lake. Niliagiza chai ambayo sikuitaka. Nikaagiza ya pili. Akaniuliza kama kuna jambo, nikasema sukari imezidi, nikatoka.

Alirudi kesho yake saa tisa alasiri. Oduor alikuwapo, na hakumtania. Chepkosgei alivua viatu, akakaa kwenye gunia la makaa.

"Raundabauti," akasema.

Niliinuka, nikaondoa kikombe juu ya pipa, nikaushusha ubao. Chaki ilikuwa imefutika kwa maji, nikachora upya. "Wewe unakata kulia," nikamwambia. "Ingia kushoto, uuzunguke mfuniko wote mpaka ufike njia yako. Nilijua tangu ulipoanguka mara ya kwanza. Sufuria haiwezi kukufundisha hili."

Alichukua kizibo. Akazunguka mara moja, mara mbili, mara tano, hakukosea hata mara moja.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

Septemba lori la maziwa lilipita na dereva tusiyemjua, na wiki hiyo hiyo Chepkosgei akafunga vyombo vyake aende Litein, ambako dada yake alikuwa na hoteli. Katoni aliziacha ukutani. Ubao aliubeba kwapani. Nilivuka barabara nimuage, nikamshikia mzigo mmoja.

"Ungeniambia mara ile ya kwanza, fundi," akasema, "hata kama ningekutukana."