Vidole vya Mama Kwenye Mashine

Mama alipotaka laini ya simu, nilimwambia nitaisajili kwa jina langu, yaishe. Akakataa.

"Miaka yote naazima simu ya jirani. Hii nataka iwe yangu."

Basi nikatoka Nachingwea ninakofundisha, nikampitia kwake Nambilanje, tukaenda Ruangwa mjini. Karibu na stendi alikaa dada mmoja anayesajili laini chini ya mwavuli. Alimwamkia mama, akaingiza namba ya kitambulisho chake, kisha akamwomba aweke kidole gumba kwenye mashine. Ikakataa. Cha pili, ikakataa. Mkono mwingine, vilevile.

"Alama hazisomeki, bibi," alisema taratibu. "Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kubangua korosho."

Nilipokuwa mdogo, mama alizikaanga korosho uani, akazigonga moja moja, na utomvu wa maganda ukamchoma mpaka ngozi ya vidole ikambabuka. Ndivyo nilivyosoma. Siku hizi korosho zinaondoka kijijini na maganda yake kwenda ghalani, na mimi vidole vile nilishavisahau. Mama aliificha mikono ndani ya khanga, akaniambia kwa Kimwera twende zetu.

Yule dada hakukubali. Alileta maji na sabuni, akamwosha mikono polepole, akaifuta, akaipaka mafuta kidogo. Nilisimama pale nikiona aibu kwamba si mimi niliyefanya hivyo. Akajaribu tena, kimoja kimoja. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikasomeka.

"Hicho kilikuwa kivivu tangu zamani," mama alisema, tukacheka wote watatu.

Nikaiweka laini kwenye simu niliyomnunulia, na hapo hapo mama akampigia mdogo wake aliyeolewa Kilimarondo. Mama mdogo hakuitambua namba, akauliza ni nani.

"Ni mimi. Hii ni simu yangu mwenyewe."

Wakaongea Kimwera muda mrefu. Tembo walikuwa wameingia kwenye mahindi kule, na mama akawa anauliza habari za kila kona ya shamba, kana kwamba alilima yeye.

Sasa hunipigia asubuhi kabla sijaingia darasani. Anauliza kama nimekula, namjibu, anashukuru. Kisha anasahau kukata. Nami sikati. Naiacha simu sikioni, nasikiliza anavyofagia uwanja.