Siku Niliyomsomea Mjomba Madaftari Yangu

Nilianza kuandika nikiwa kidato cha kwanza, na nilipomaliza chuo nilikuwa na kaunta buku tisa. Zilikaa chini kabisa ya tranka langu la shule, nyumbani kwetu juu kidogo ya Lushoto mjini, zimefunikwa kwa shuka kuukuu. Hazikuwa na siri kubwa. Kila habari ilianza na saa, ikafuata hali ya hewa, halafu nani kasema nini. Saa kumi na mbili na robo, ukungu mpaka mlangoni, mama anasema kuni zimelowa. Hata hivyo hakuna mtu aliyewahi kuzisoma, na mimi sikutaka asome mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipokubaliwa kuingia monasteri. Masista wa kule hawatoki kwenda kufundisha wala kutibu. Wanakaa ndani, wanalima bustani, wanafuga ng'ombe, na kengele inawaita kusali kutwa nzima. Nilikuwa nimekaa nao mara tatu, kila mara wiki mbili, kuyaona maisha yao. Mlezi, sista anayewaongoza wasichana wapya, alinipangia Jumapili ya kuripoti, akaongeza kwamba nije na baraka ya nyumbani. Nikamuuliza kama iandikwe na kugongwa mhuri wa parokia. Akacheka, akasema hataki karatasi, anataka baraka.

Baba alisema hana neno. Mama naye alisema hana neno, ila mjomba hajasema. Kwetu msichana haondoki kwenda kuanza maisha yake kabla kaka wa mama hajatamka, na mama alinieleza waziwazi kwamba bila hilo hatanisindikiza hata mpaka barabarani. Yeye alizaliwa katika nyumba ya Waislamu, akabatizwa alipoolewa. Mjomba alikwisha kulizoea hilo. Idd tunakula kwake, Krismasi anakula kwetu, na anakula vizuri. Lakini mpwa wake kujifungia na masista, hilo halikumwingia. Akatuma ujumbe kwenye simu ya mama kwamba niende kwake Mlola nikajieleze mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Nilimkuta barazani, anagonga mabuti yake ya mpira ukutani kutoa udongo. Mkewe alikuwa pembeni, anamenya maharage mabichi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa, sista."

Mkewe akamkata jicho. Mjomba akaanza taratibu, kwa Kishambaa, lugha anayoitumia akiwa hana mzaha. Alisema yeye ni Mwislamu, mambo ya kanisa letu hayajui, ila mimi ananijua. Likizo zote nilizokuja kwake nilipewa mistari miwili ya kabichi nipalilie, na kila wakiinua vichwa walinikuta chini ya mpeasi na daftari langu. Masista, kwa alivyosikia, wanakaa kivulini na kusali. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa rahisi.

"Wewe unakimbia jembe," alisema. "Sasa mimi nikubariki, nimbariki mvivu?"

Nilijitetea kwamba wito huu ulinianza miaka mingi iliyopita. Akasema maneno ya leo kila mtu anayo. Yeye alitaka kusikia niliyoyasema wakati hakuna aliyeniuliza.

"Si unaandika kila kitu? Kayalete hayo madaftari."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nikakaa siku mbili naliangalia tranka. Nilifikiria kumwendea mlezi nimwombe anipokee hivyohivyo, lakini nilijua atakachoniuliza. Siku ya tatu nikapanda bodaboda mpaka Mlola na kaunta buku nne kwenye begi. Nilikuwa nimeweka vipande vya karatasi kwenye kurasa nzuri, zote za sala.

Nikazisoma moja baada ya nyingine. Niliandika vizuri, nilidhani. Mke wa mjomba, ungo wa maharage mapajani, aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Mjomba alikuwa anaangalia kuku. Nilipofika ukurasa wa nne akaninyanyulia mkono.

"Hayo umeyachagua. Toa hizo karatasi, anza mwanzo."

Basi nikaanza mwanzo. Saa moja na dakika ishirini, mvua, mwalimu wa zamu kachelewa kuliko sisi. Saa nane, jua kali, nimekopeshwa wali na mwenzangu wa bwenini. Mjomba akaacha kuku, akageuza kiti. Nikafika kidato cha tatu, Jumapili moja ya kwaya, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja.

"Umeruka," mjomba akasema.

"Zimegandana."

"Zigandue."

Nikasoma. Saa tatu asubuhi, baridi. Nimemtazama yule mvulana wa besi kuanzia Utukufu mpaka Komunyo, na sijui padri kahubiri nini. Mke wa mjomba aliweka ungo chini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akauliza besi mwenyewe yuko wapi siku hizi. Nikasema ameoa, yuko Mazinde, anauza vipuri vya pikipiki. Akasema, masikini, sijui yupi kati yenu kapona.

Habari iliyofuata ilikuwa ya likizo, hapohapo Mlola, na sikuwa na njia ya kuikwepa. Saa tano na nusu, mawingu. Mjomba kapalilia mistari miwili, kahutubia mistari kumi. Kupalilia kabichi ni adhabu aliyoipata mtu aliyetenda jambo baya sana.

Nilijua safari yangu ya monasteri imeishia hapo. Mke wa mjomba ndiye aliyesema, bila kuinua macho kutoka kwenye maharage, "Kwani kasema uongo?"

Mjomba akapiga goti lake, akacheka kwa sauti. Kisha akasema niendelee, maana kesi bado, na sasa nimejitolea ushahidi mwenyewe.

Niliendelea mpaka daftari la nne, mpaka wiki zangu za kwanza kule monasteri. Nilisoma bila kupamba, kama nilivyoandika. Leo tumepalilia karoti. Majani yake yamefika urefu wa kidole cha kati. Sista mzee kanionyesha kung'oa zilizosongamana, kuacha nafasi ya vidole vitatu, kurudishia udongo kwa mgongo wa mkono. Hakuna anayeongea. Nimeng'oa moja ya kubaki kwa bahati mbaya, nikaila na udongo wake. Kengele imelia, nikashangaa, maana nilidhani ndiyo kwanza tumeanza.

"Ilikuwa saa ngapi hiyo?" mjomba akauliza.

Nikatafuta mwanzoni mwa ukurasa. Hapakuwa na saa. Nikafunua nyuma, nikafunua mbele. Zote zilikuwa na saa na hali ya hewa, isipokuwa ile. Nilikuwa naliona hilo kwa mara ya kwanza, kwenye mwandiko wangu mwenyewe.

"Sikuandika."

"Haya, soma tena."

Nikasoma tena. Aliniuliza karoti zile tulizipanda kwa mistari au tulizimwaga tu, na kama tulimwagilia baada ya kupunguza. Nikamjibu. Akauliza kama niliwahi kutoroka. Nikasema hapana, nikamwonyesha kurasa zilizofuata, akazitazama ingawa miwani alikuwa ameiacha ndani.

"Vidole vitatu ni sawa," akasema mwishowe. "Huyo sista mzee anajua kazi." Akamgeukia mkewe. "Basi haendi kukaa kivulini."

"Mimi nilijua toka siku ile ya kwanza," mkewe akamjibu.

Nilingoja neno. Badala yake alivaa mabuti, akachukua majembe mawili nyuma ya mlango, akanipa moja, akasema kabichi zake nazo zina magugu. Tukashuka bondeni. Akanipa mstari, akashika wa pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuhutubia. Tulipofika katikati akaanza kusema polepole kwa Kishambaa, hajainua mgongo. Alimtaja mama yake, akamtaja baba yake, akamwomba Mungu aniongoze niendako na awape subira watakaokaa na mimi, kisha akaimalizia dua yake kwa Kiarabu. Mimi nikaitikia amina kila alipopumua.

Sikuwa na kalamu, na mikono ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Mengine aliyosema nimeyasahau. Yeye alikuwa amekwisha kunitangulia hatua nne, na alikuwa anauliza kama huko kwa masista ndivyo wanavyopalilia, au nimeanza kuchoka.