Daftari Lenye Majina ya Mama Zao

Niliingia Doha nikiwa dereva wa kupeleka watoto wa watu shule. Leo nina mabasi tisa ya kubeba wafanyakazi, na madereva wananiita bosi hata nikiwa sipo. Shule niliacha darasa la nne, na waliomaliza vyuo wananiomba kazi. Hilo naliweka mbele, maana ninalotaka kusema ni zito na sijazoea kusema mambo ya namna hiyo.

Marehemu mke wangu alikuwa katibu wa umoja wa akina mama waliotoka nchi yetu. Walikutana Ijumaa sebuleni kwetu Al Mansoura, wengi wao wafanyakazi wa ndani. Kabla ya chai alifungua daftari akawaita mmoja mmoja kwa jina la nyumbani, siyo la pasipoti. Baadhi yao mawakala waliwabadilishia jina na umri ili safari ipite, na wiki nzima waliitikia hilo la kubandikwa. Kwetu mtu akisikia jina lake alijibu "Abee!" kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngazi, kisha vicheko.

Jina la mama wa kila mmoja hakulitaja. Hilo liliandikwa tu, kwa ajili ya siku moja. Kwetu maiti akishafukiwa husomewa talqini, maneno ya kumkumbusha imani yake kaburini: ewe fulani, binti wa mama fulani. Huku hawana desturi hiyo, na wanawake wetu hawaingii makaburini, basi kazi walinipa mimi shemeji yao. Talqini naijua yote kwa kichwa, niletee sheikh yeyote anisikilize. Nilipungukiwa jina la mama tu, na hilo mke wangu alininong'oneza garini kabla sijashuka.

Alipofariki yeye, mikutano ikasimama. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima anayepikia familia moja Umm Salal, alikuja mara mbili kuomba daftari. Nikamwambia vitu vya mke wangu havitoki nyumbani mwangu. Nilikuwa nalifungua kila siku nikitazama mwandiko wake. Nautazama, siyo nausoma. Herufi za kupigwa chapa nazimudu taratibu, lakini ule mwandiko wake wa kuunganisha siuwezi, na siri hiyo niliijua mimi na yeye.

Ijumaa moja asubuhi mwenyekiti akagonga tena.

"Shemeji, mwenzetu ametutoka hospitali. Yule aliyekuwa anakuita Waziri wa Usafiri."

Nilicheka kabla sijaelewa. Kisha nikakaa.

"Anazikwa leo alasiri. Jina lake tunalo. La mama yake limo humo, na namba ya simu ya kwao. Hebu nipe nikutafutie ukurasa tu, dakika moja."

"Kwani unaniona sijui kusoma? Nenda kawasaidie kuosha. Nitatafuta mwenyewe."

Aliinamisha macho, akavaa viatu vyake polepole mno. "Haya, shemeji. Tunakutegemea."

Nililiweka daftari mezani nikaanza na kidole. Swala ya Ijumaa ikapita, nikarudi, nikaendelea. Umbo la jina la marehemu sikulijua. Umbo moja tu nililijua katika daftari zima, jina la mke wangu, na nilipolifikia sikuweza kulipita. Chini yake kulikuwa na mistari michache, herufi zake zimeachana kama za chapa. Niliisoma herufi kwa herufi, na ilinichukua muda wa kuchemsha maharage.

"Mume wangu mwandiko haumudu. Nikitangulia, msimpe karatasi mbele za watu. Msomeeni pembeni, taratibu."

Kumbe wote walijua, maana daftari lilikuwa likipita mikononi mwao siku za mikutano. Nikakumbuka siku ya msiba wake, mwenyekiti alivyonivuta jikoni na fomu akanisomea kwa sauti ya chini. Mimi nilidhani ni heshima ya bosi. Na asubuhi ile alikuwa ananitunzia aibu yangu, ndiyo maana hakulazimisha.

Hapo nilipaswa kumpigia simu. Sikupiga. Nilijiambia kurasa zimebaki chache, nitaliona. Adhana ya alasiri ikanikuta ninazo kurasa zile zile.

Maiti watatu walizikwa jioni ile, safu moja. Mwenyekiti alibaki garini kwangu nje ya ukuta wa makaburi, daftari likiwa kitini karibu naye. Nilipita mbele yake bila kumwomba anitafutie. Udongo ulipokwisha, watu wakatawanyika, nikachuchumaa. Kwetu asiyejulikana mama yake huitwa kwa Hawa, mama wa watu wote. Nikamwita hivyo: binti wa Hawa. Mtu ambaye mama yake ameandikwa nyumbani kwangu, nikamsomea kama aliyeokotwa njiani.

Nilirudi garini. "Nitafutie," nikamwambia mwenyekiti. Alilifungua daftari na ukurasa akaupata kabla sijafunga mlango. Akanisomea jina la mama, taratibu. Akapiga simu ya kwao, ikapokelewa dukani, wakamwita mama. Mwenyekiti alimpa habari, akalia naye, kisha akanipa mimi.

"Wewe ndiye uliyemsomea mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa jina langu?"

Mwenyekiti alikuwa ananitazama.

"Ndiyo, mama. Kwa jina lako."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi kajua kuwa ni sisi tunaomwita."

Daftari nilimkabidhi mwenyekiti papo hapo. Kesho yake nikarudi makaburini peke yangu nikiwa na jina lile kichwani. Wazikaji walikuwa wameshasawazisha udongo, na makaburi yote matatu yalifanana. Nilisimama nikiwa sijui lake lipi. Nikamwita kwenye la kwanza, binti wa mama yake. Nikasogea la pili, nikamwita. Nikasogea la tatu.