Mbabula Niliyoitengeneza

Mbabula yetu, jiko la udongo la kuwashia makala, yaani makaa, ilikuwa imeishiwa nguvu. Moto unawaka, lakini maharagi yanakataa kuiva. Maman akaniambia, "Toa majivu, chakula iive mbele Papa arudi."

Mimi, kichwa kikubwa cha fizika, nilitoa makala ya moto pembeni, nikakwangua mpaka udongo ukang'aa. Chini ya majivu nikagundua matundu. Kumbe joto linatorokea hapa! Nikayaziba yote kwa udongo na kurudisha makala na sufuria, huku nikipiga mluzi.

Saa sita Papa aliketi mezani na abakosti yake, suti yake ya heshima, na moto ulishazimika kitambo.

"Nani amefunga matundu?" Maman akauliza.

"Mimi, maman. Nimetengeneza."

Papa akaniangalia. "Moto inapumua kupitia pale, mutoto. Umeinyonga."

Sahani kubwa kuliko zote ilikuwa yangu. "Iko tamu, maman," nikasema, na kila haragi nililotafuna lilisikika mpaka kwa jirani.