Rafu ya Malori ya Chuma

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mwenye shamba la kahawa na wajukuu, na alikuwa akikusanya magari ya kuchezea watoto. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize. Majirani zetu wa Ruanda, hii Ruanda yetu ya Mbozi, walicheka mpaka wakachoka wenyewe. Mama naye alicheka, akaacha siku alipoambiwa ashushe vikombe vya wageni kutoka juu ya kabati ili malori yapate pa kukaa.

Nasema malori, kwa sababu gari jingine hakulitaka. Ungemletea basi lenye rangi ya kupendeza, angekushukuru vizuri na kumpa mtoto wa kwanza kupita. Alitaka malori, tena ya chuma, mazito, yenye matairi ya mpira yanayozunguka kweli.

Sababu yake haikuwa siri. Ujana wake wote aliumalizia kwenye lori la chama cha ushirika. Alianza kama utingo, akapanda mpaka akashika usukani, akawa anazunguka vijijini kukusanya kahawa ya wakulima. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na magari yao, chama kikayumba, malori yakaegeshwa uani kwenye ghala mpaka nyasi zikaota katikati ya mbao za bodi. Baba alirudishwa nyumbani kwa maneno matamu. Hakulalamika, alichukua jembe. Lakini safari yake ya kwanza ya Tunduma baada ya hapo, alikokwenda kununua mabati, alirudi na kilori chekundu kwenye mfuko wa koti. Alisema kamletea mdogo wangu. Mdogo wangu hakuwahi kukigusa.

Duka alilokinunulia lilikuwa kwenye barabara ya kwenda mpakani. Lilikuwa na kila kitu, na kila kitu kilikuwa nyuma ya kaunta moja ndefu ya mbao: mablanketi, sabuni, sufuria, betri za tochi, na juu kabisa rafu ya vitu vya watoto. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa Kinamwanga, mnene, mwenye sauti. Wateja wa ng'ambo ya mpaka alizungumza nao Kibemba, sisi Kiswahili, na wote alitugombeza sawasawa. Malori ya chuma yalimfikia katikati ya mizigo ya vitu kuukuu kutoka upande wa pili, na mengine aliletewa na madereva wa masafa marefu. Watoto hawakuyataka. Walitaka vinavyowaka taa. Basi mama yule akawa anayatoa kwenye rafu na kuyaweka chini ya kaunta, kwenye boksi ambalo kila aliyefanya kazi pale alijua ni la mzee wa Ruanda.

Kisha baba akapata presha ya macho. Tulichelewa kuijua, na daktari alipotuambia ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa. Ndani ya miaka michache akawa hatofautishi mlango na dirisha. Wakati huo mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mlowo, na kila nilipopanda nyumbani nilimkuta amekaa, mikono mapajani. Nilidhani habari ya malori imefika mwisho. Mikono ile ilinisahihisha.

Siku moja aliniomba nimpeleke Tunduma. Nilibisha, maana mimi ni mbishi, nikamuuliza anakwenda kutazama nini. Akasema haendi kutazama. Tulipofika, alisogea mpaka kwenye kaunta, akaishika ukingo, akainama kidogo na kupiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama watu wetu wanavyosalimia. Kwetu huanzi na shida. Unaanza na salamu, unasubiri uitikiwe, unaulizwa nyumbani, mvua, wagonjwa, na shida inakuja yenyewe mwishoni. Mama mwenye duka aliacha wateja wake, akaitikia makofi yale kwa makofi, wakaulizana habari zote mpaka nikaona aibu kwa waliosubiri nyuma yetu. Kisha akamvutia stuli, akatoa boksi.

Sijawahi kumwona mtu akisoma kitu vile. Alilipima lori kwa uzito kwanza, kiganja kikipanda na kushuka. Alilisukuma juu ya mkono wake asikie matairi. Alipitisha kidole kwenye kioo, kwenye bomba la moshi, chini kwenye ekseli. Akasema hili lina kichwa bapa, ni la mizigo ya masafa, lingekufa mapema kwenye vumbi la kwetu. Hili lingine ni la kubeba mchanga. Mama yule akamtania kwamba yeye mwenye macho mawili mazima aliyaona yote ni vyuma tu. Baba alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu hospitali.

Kuanzia hapo tulikuwa tunakwenda kila likizo. Nami, niseme ukweli, nilianza kuingojea likizo kwa ajili hiyo. Na kila safari baba aliulizia lori moja ambalo hakuwa nalo: lenye pua ndefu, la matairi mawili mawili nyuma, bodi ya mbao. Ndilo alilokuwa akiendesha. Ndilo alilopanda nalo mlima Senjele usiku na mchana, mvua na kiangazi. Alikuwa na malori ya kujaza kabati, na hilo hakuwa nalo. Mama mwenye duka alimwahidi kwamba likivuka mpaka, halitalala kwa mtu mwingine.

Likavuka. Mama yule alinipigia simu nikiwa darasani, nikatoka nje kupokea. "Mwambie baba lenye pua limefika," alisema. "Limo kwenye boksi lake. Aje mwenyewe alishike, mimi sitaki kumsifia kitu asichokijua."

Baba alipopata habari hakulala vizuri, mama ndiye aliyeniambia. Ila kahawa ilikuwa inaiva, na mimi nilikuwa na mitihani ya darasa la saba, hivyo tukasubiri shule zifungwe. Hakuna aliyeona ubaya wa kusubiri. Boksi lilikuwa lake, na aliyeahidi alikuwa mtu wa neno lake.

Tulipofika Tunduma sikulitambua duka. Kulikuwa na milango ya vioo, vigae vyeupe chini, rafu ndefu za chuma zimepangwa safu kwa safu, na watu wanajichukulia bidhaa wenyewe na vikapu vya plastiki. Sitasema uongo kwamba nilichukia. Nilipenda. Bei ilikuwa imebandikwa, hapakuwa na vumbi, hapakuwa na kugombezwa. Nilisimama mlangoni nikishangaa kama mgeni, na katika kushangaa kule baba aliondoa vidole vyake begani kwangu, akaniacha.

Alikuwa anaijua njia. Alikwenda moja kwa moja mpaka ilipokuwa kaunta, mkono wake ukagusa ukingo wa kitu, akaridhika. Akainama. Akapiga makofi yake ya taratibu na kusubiri.

Lilikuwa friji la soda. Lilikuwa linanguruma. Baba akasubiri, kisha akapiga makofi tena, safari hii kwa nguvu kidogo, labda mwenyeji wake hakusikia, na akaanza kuuliza habari za nyumbani. Binti mmoja mwenye sare ya duka aliweka mkono mdomoni. Vijana wawili waliokuwa wanachagua soda walicheka waziwazi. Nilitamani sakafu ile mpya ipasuke. Nikamfuata, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kaunta imeondolewa. Akauliza, "Na mwenyewe?"

Mwenyewe alikuwa amepata kiharusi na kuchukuliwa na binti yake ng'ambo. Haya alitueleza mwanawe, kijana aliyetoka kusomea biashara, ambaye ndiye aliyebadilisha duka. Alimwamkia baba vizuri, siwezi kumsema. Nilipomwulizia boksi, alifikiri kidogo. Kisha akakumbuka. Walipovunja kaunta, alisema, vyuma vyote kuukuu vilivyokuwa chini yake vilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakujua kama vilikuwa na mwenyewe. Sasa vitu vya watoto vimepata safu yao nzima, tuje atuonyeshe.

Ilikuwa safu ya kupendeza kwa mwenye macho. Maboksi yenye dirisha la plastiki, yamepangwa kwa rangi, na kibao juu: ukifungua, umenunua. Baba alipitisha vidole kwenye boksi moja, kisha la pili, la tatu. Yote yalikuwa sawa. Karatasi laini na plastiki laini, mwanzo mpaka mwisho wa safu. Alimwomba yule binti mwenye sare amfungulie moja tu alishike. Binti akamjibu kwa adabu kwamba haruhusiwi, babu. Akanitazama mimi, akasema si nimweleze tu lilivyo.

Hasira hasara, lakini mimi nilizaliwa nazo. Nilichukua boksi lenye lori la pua ndefu, nikalilipia, nikalipasua palepale mbele ya binti na kijana na vijana wa soda, nikamwekea baba mikononi. Lilikuwa jepesi kama ganda la kahawa. Matairi yalikuwa yamegandishwa, hayazunguki. Kidole chake kikabonyeza kitu, likaanza kuimba na kuwaka taa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wanasema, na hiki kilikuwa kinajitembeza kwa makelele. Baba alilishika mpaka wimbo ukaisha, kwa heshima, kama unavyomshika mtoto wa mtu asiyekupenda. Akasema ni zuri, litamfaa mtoto fulani shuleni kwangu.

Nje nilimwambia nitazunguka. Nitatafuta Mbeya, nitatafuta ng'ambo, nitamtafuta mama yule mwenyewe huko aliko. Niliongea sana, kwa sababu nilikuwa nataka kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usijihangaishe, mwanangu," alisema. "Macho yalipozima mliniambia nimekuwa kipofu, nami sikuwaamini, maana nilikuwa bado naona kwa mikono. Leo ndiyo nimekuwa kipofu."

Hakusema kwa uchungu. Uchungu ulikuwa wangu, na mpaka leo ninao, kwa sababu najua lile lori lilivuka mpaka kwa ajili yake, likakaa chini ya kaunta likimsubiri, likapakiwa kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu bila yeye kuligusa hata mara moja. Tulikuwa tumesimama ukingoni mwa barabara, malori ya kweli yamepanga foleni kuelekea mpakani, injini zinanguruma. Miaka yote ya giza lake alikuwa akitembea na vidole viwili tu begani kwangu, mwanamume mzima asiyetaka kuongozwa. Siku ile alinyoosha mkono akautafuta mkono wangu, akaushika wote, na kuniambia nimvushe.