Alibadili risiva mara mbili, kumbe kilichozima ni masikio yake

Saa tatu asubuhi karakana imeshafunguliwa, na fundi amekaa kwenye kigoda akiwa ameipakata spika magotini. Muziki unalia. Amefumba macho, vidole vitatu vimegusa ile karatasi nyeusi inayotetemeka katikati ya spika, kwa wepesi, kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

Nyuma yake amesimama mkewe, mkono wake ukiwa begani mwa mumewe. Wimbo unapofika kwenye sauti ya mwimbaji wa kike, mke anakunja uso na kumpiga bega mara mbili. Maana yake sauti inakwaruza. Angempiga mara moja, spika ingekuwa nzima.

Fundi anafumbua macho, anazima mashine na kuchukua bisibisi.

"Hata mimi nilihisi kuna kitu," anasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara.

"Hakuhisi chochote," mkewe anamnong'oneza mwandishi. Hana haja ya kunong'ona, lakini ananong'ona.

Mtaani fundi huyu wanamwita Sikio. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja akiwa kijana, kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi. Wakati mafundi wenzake wanahangaika na mita na nyaya, yeye alikuwa anafungulia sauti hadi mwisho, analaza sikio kwenye spika, kisha anasema ugonjwa ulipo kabla hajalegeza hata skrubu moja.

"Walikuwa wananiletea spika zilizowashinda wengine," anasimulia. "Nasikiliza, namwambia mtu, hapa koili, ule waya wa ndani, imeachia. Tunafungua, tunakuta kweli imeachia. Sasa wewe kijana, watu wamekuzunguka wanakusifia hivyo, utaacha?"

Hakuacha. Kwa karibu miaka thelathini alilaza sikio kwenye spika, la kulia likichoka anageuza la kushoto. Jioni alirudi nyumbani na mlio kichwani, mwembamba, kama wa nyenje. Akilala unatulia. Baadaye ukawa hautulii, naye akauzoea kama mtu anavyozoea mpangaji mkorofi.

Kisha sinema ya nyumbani kwake ikaanza kufifia.

Sebule yake ndiyo ilikuwa tangazo lake la biashara. Spika tano ukutani, sabufa kwenye kona, na chini ya televisheni risiva, ile mashine inayopokea sauti na kuisukuma kwenye spika zote. Siku za mapumziko majirani walikuwa wanajaa humo hadi wengine wanakaa sakafuni. Lakini taratibu fundi akaanza kuona waigizaji wanamumunya maneno. Mabomu anayasikia, milango ikibamizwa anasikia, ila mtu akizungumza anaona mdomo tu unacheza.

Akaifungua risiva, akabadilisha vipuri vilivyoonekana kuchoka. Hali ikawa ile ile. Akatafuta risiva nyingine yenye nguvu zaidi. Akaridhika kwa muda, kisha akalalamika tena kwamba nayo imechoka. Akaiuza kwa hasara na kununua ya tatu, kubwa, nzito, ambayo wanaume wawili waliibeba kuipandisha ngazi.

Kinachomuuma leo ni kwamba alikuwa anajua. Wateja aliwaambia kila siku kwamba kuzidisha wati mara mbili hakuzidishi sauti mara mbili. Inapanda kidogo tu, na mtu akiona mashine kubwa haimsaidii, tatizo litakuwa kwingine. Mganga hajigangi, waliosema hivyo walikuwa wanamfahamu huyu.

"Nilikuwa nakaa jikoni na pamba masikioni," anasema mkewe. "Namwambia, baba, punguza, vikombe vinatembea mezani. Ananiambia, mama, mashine haina nguvu hii, nyie mmeshazoea kusikia vibaya. Sisi ndio tumezoea vibaya! Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, akacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa natania tu."

Dalili hazikuishia nyumbani. Mteja mmoja, mwenye duka la nguo, alirudisha spika alizofungiwa akisema zinakata masikio kama wembe. Fundi alikuwa amepandisha sauti nyembamba hadi mwisho, maana bila hivyo hakuzisikia. Wakabishana mbele ya watu. Fundi akamwambia spika zake ni mbovu tangu dukani. Wiki hiyo hiyo zile twita, spika ndogo zinazotoa sauti nyembamba, zikaungua zote.

"Nilimtukana mtu wa watu," anasema, akiangalia mikono yake. "Na alikuwa anasema kweli."

Wakati huo binti yao wa pekee alikuwa amerudi kwa wazazi baada ya kujifungua mtoto wa kike. Babu alifurahi kupita kiasi. Alimwita mjukuu "mchumba", na mkewe naye akawa anamwita "mke mwenzangu", anamtishia kumrudisha kwao kwa kuwa haoshi vyombo. Nyumba ilichangamka.

Siku moja mchana, bibi akiwa sokoni, binti alimwomba baba yake amwangalie mtoto aliyekuwa amelala kwenye kochi, yeye atoke kidogo kununua dawa. Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni akiunganisha ile risiva mpya. Umeme ameuzima. Hakuna kilichokuwa kinalia ndani ya chumba kile.

Binti aliporudi, alimsikia mwanawe tangu chini kwenye ngazi. Alikimbia. Alimkuta mtoto amebingirika kutoka kwenye kochi na kubanwa kati ya kochi na ukuta, uso umeiva, sauti imekauka kwa kulia. Hatua tatu kutoka hapo, baba yake alikuwa amekipa chumba mgongo, anakaza waya na kupiga mluzi.

"Nilidhani amefanya makusudi," anasema binti. "Mungu anisamehe. Nilimpiga baba yangu mgongoni kwa ngumi."

Fundi aligeuka akitabasamu, akidhani ni utani. Kisha akaona mdomo wa mtoto uko wazi kabisa, machozi yanatiririka, na kwake yeye chumba kilikuwa kimya. Akaitazama risiva. Waya wa umeme ulikuwa mkononi mwake, haujachomekwa popote. Safari hii hapakuwa na mashine ya kulaumu.

Mtoto alipona, michubuko tu. Babu yake ndiye aliyepelekwa hospitali.

Daktari wa masikio, mwanamke mpole aliyemwandikia kila swali kwa herufi kubwa, alimweleza kwamba sauti nzito bado anazipata, lakini nyembamba zimekwenda na hazitarudi. Nyembamba maana yake ndege, kengele, herufi za mwanzo na mwisho wa maneno, na kilio cha mtoto mchanga. Akamwambia akae mbali na makelele, la sivyo na hayo mabaki yataondoka. Akamwambia pia kuna kifaa cha kuvaa sikioni.

"Nikamuuliza, si ni amplifaya tu hiyo?" anakumbuka fundi. "Akacheka, akasema ndiyo. Kisha akaniuliza, wewe fundi, spika ikiwa imechanika, ukiiongezea sauti unapata nini? Nikamjibu, unapata kelele."

Daktari hakumkatia tamaa. Alimwambia kifaa kizuri, kikirekebishwa kwa uvumilivu, kinaweza kumrudishia sehemu ya sauti, pengine hata ya mtoto akilia karibu. Ila vile vya bei rahisi vitampa kelele tu. Kizuri kinagharimu zaidi ya kinachoingia karakana kwa mwaka mzima, na kinachoingia siku hizi hakifiki nusu ya zamani.

Ndiyo maana hajaondoka kwenye makelele. Umri umemtupa mkono na kazi nyingine hajui. Mkewe alikuwa na cherehani yake kibarazani na wateja wake wa miaka. Ameifunika kwa shuka, amehamia karakana kuwa masikio ya mumewe. Wateja wanatania kwamba siku hizi sikio la fundi limevaa gauni. Mama huyo anacheka nao. Wakiondoka anakaa kwenye kigoda na kujikanda shingo.

"Namsimamisha mbali, mlangoni, ila kuna spika haziwezi kupimwa ukiwa mbali," anasema fundi. "Naogopa. Nisije nikamla na yeye masikio."

Mchana anaingia kijana mmoja. Anataka risiva kubwa kuliko aliyonayo, ya kutikisa madirisha. Mke anarudia maneno yake karibu na sikio la mumewe. Fundi anamuuliza kijana kama nyumbani kuna mtu analalamikia sauti ikiwa juu. Kijana anasema ndiyo, mkewe. "Basi risiva yako haina tatizo," fundi anamwambia. "Nenda hospitali wakakupime."

Kijana anacheka, anamshukuru mzee kwa utani, anavuka barabara na kuingia karakana ya jirani. Baada ya muda kidogo besi inasikika kutoka huko. Fundi anaweka kiganja ukutani, anaihisi ikigonga.

Jioni binti anapita kuwasalimu, mtoto mgongoni. Alihamia kwake kitambo, chumba si mbali, na huja karibu kila siku. Ila tangu siku ile hajawahi kumwacha mtoto na babu yake, hata kwa muda wa kwenda kuchota maji. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti. Fundi mwenyewe analisema leo, mbele ya mgeni, akiwa amemtazama mjukuu na si binti.

"Nikikipata hicho kifaa, sitaki kusikiliza muziki," anasema. "Muziki nimeusikia wa kutosha. Nataka huyu aniachie mchumba wangu. Aende zake, afunge mlango. Tubaki wawili tu. Akilia, nimsikie, nimbebe."

Binti anaikaza mbeleko.

"Siwezi, baba," anasema kwa sauti ndogo. "Naogopa."

Fundi ameona midomo ikicheza. Anamgeukia mkewe, amenyoosha shingo, anasubiri kuambiwa. Mke anamtazama binti, kisha anainama kwenye sikio la mumewe.

"Amesema sawa!" anapaza sauti. "Amesema, kipate kwanza, atakuachia!"

Fundi anacheka kwa furaha, anajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye madoa ya risasi ya kuchomelea nyaya, na kuvuta spika inayofuata.