Geji ya vacuum ilisoma 15 hapa Butembo, nikaifungua injini bila sababu

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea.

Nina gari la petroli lenye turbo. Lilianza uvivu. Tambarare linakwenda vizuri, ukifika mlimani linapiga mluzi mrefu na nguvu hakuna.

Na Jumamosi nilikuwa nimeahidi kumpeleka dada yangu mdogo, Kavira, kanisani Beni. Yeye ndiye bibi harusi! Barabara ya Beni mnaijua, si ya kuharibikiwa katikati.

Jumanne fundi wangu, Papa Paluku, akaja na kopo la maji ya sabuni.

Sabuni, wakuu. Mimi msomi wa YouTube, niliyeagiza geji ya vacuum, ya kupima mvuto wa hewa ndani ya injini, kutoka Kampala, naletewa sabuni.

Nikamwambia aweke kopo chini aone sayansi. Nikachomeka mpira wa geji kwenye intake manifold, pale hewa inapogawanywa kwenda kwenye silinda. Nikawasha, nikaliacha gari lingurume bila kukanyaga mafuta. Sindano ikatulia kwenye 15. Video ilisema injini isiyo na hitilafu inasoma 18 hadi 22.

"Manifold inavuja," nikatangaza kama daktari bingwa.

Papa Paluku akatabasamu. "Mutoto yangu, huku tuko mu milima, hewa iko kidogo. Gari zote za Butembo zinasoma vile. Leta iyo saa yako ya kupima, upime na gari yangu."

Nikamjibu kwamba fizikia haijui mlima wala bonde. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya majirani. Nikamwambia aende, nitamwita akihitajika.

Jumatano na Alhamisi nilishinda chini ya boneti. Nikaitoa manifold nzima nikitafuta ufa ambao haukuwepo. Gasket, ile karatasi ya kuziba maungio, ikachanika. Nikazunguka Butembo yote, nyingine ya aina ile hakuna.

Ijumaa nikaenda na geji yangu kwa Papa Paluku, mkia katikati ya miguu. Nikapima gari lake, ambalo hupanda mlima wowote.

15.

Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alikuja, akaziba ncha mbili za mpira unaopeleka hewa ya turbo kwenye intercooler, yaani kipoza hewa, akasukuma hewa kidogo kwa pampu, akapaka sabuni. Povu likachemka chini ya klampu. Ufa wa urefu wa kidole! Ulikuwa kabla ya throttle, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye manifold, kwa hiyo geji yangu isingeuona hata ningeitazama mwaka mzima.

Kazi ya dakika kumi. Ila manifold ilikuwa mezani na gasket ilikuwa takataka.

Jumamosi Kavira alikwenda Beni kwenye kabini ya lori la jirani yetu Hadji, msafirishaji wa viazi. Alikunja gauni magotini, akaniangalia dirishani, mimi kaka yake.

"Yaya, lakini uliniambia ntaenda mu gari yako."

Nilipanda nyuma, juu ya magunia, na suti yangu. Niliona aibu mpaka Beni.

Somo: ukiishi miinukoni, pima kwanza gari la mwenzako lisilo na tatizo. Namba zikilingana, iache manifold, kapake sabuni mipira ya turbo. Na fundi akisema jambo, msikilize hata kama hana channel.

Haya, leteni maoni, hata matusi napokea. Muda wa kuyasoma ninao, maana siku hizi Kavira akitaka kuja Butembo anampigia simu Hadji.